Shajara ya mradi: spika za ubao wazi, bila boksi

6 Januari. Mpango

Mradi huu ni jozi ya spika za kusikilizia nyumbani zisizo na boksi: ubao uliosimama wima, wufa (spika ya besi) ya inchi 15 chini, spika ya inchi 8 ya masafa yote juu yake, mgongo wazi. Kila hatua ikikamilika nitaiongeza hapa pamoja na vipimo, gharama na kilichogoma. Kupiga msasa, kupaka vanishi na kuchomelea nyaya nitavipita haraka. Hivyo kila fundi anavijua.

Anayeanza huambiwa kwamba ubao wazi ni njia ya mkato kwa kuwa hakuna boksi la kutengeneza. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Koni, ile sehemu ya spika inayotetema, ikisukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma. Usipoweka kizuizi kati ya pande hizo mbili, hewa ya mbele inazunguka ukingoni na kuziba pengo la nyuma, na besi inafutika kabla haijafika sikioni. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, walioieleza spika yao ya koili inayocheza (waya uliozungushwa, unaoisukuma koni kwa nguvu ya sumaku) mwaka 1925, walihitaji kizuizi kwa sababu hiyohiyo. Boksi ndilo lililokuja kuwa jibu la wengi: linaikamata sauti ya nyuma na kuifungia ndani. Lakini sauti iliyofungiwa haifi hapo hapo. Inagongagonga humo, nyingine inatikisa kuta za boksi, nyingine inarudi nje kupitia koni yenyewe, ambayo mara nyingi ni karatasi tu. Ndiyo ile sauti ya mtu anayeongea akiwa kabatini.

Ubao wazi unaiacha sauti ya nyuma iende zake. Aliyewahi kukaa mbele ya spika ya umemetuli (yenye utando mwembamba badala ya koni) ya Quad ya mwaka 1957, kazi ya Peter Walker, anaijua raha hiyo, maana nayo haina boksi. Kwa hiyo sina wasiwasi na sauti za kati. Ninachotaka kujua ni besi italipiwa kwa kitu gani.

13 Januari. Ubao wa majaribio

Plaiwudi ya mm 12, upana sm 50, urefu mita 1. Spika ya inchi 8 peke yake, katikati ya upana, sm 25 kutoka ukingo wa juu. Hakuna krosova (kigawanyi cha masafa kati ya wufa na spika ya juu), waya umetoka kwenye amplifaya moja kwa moja.

Sauti ya mwimbaji na gitaa moja: kidole kinasikika kikiteleza kwenye uzi kabla noti haijaanza, na mwangwi wa chumba cha kurekodia unaisha taratibu hadi mwisho wake. Kisha likaingia gitaa la besi, nalo halikuwepo. Ilisikika mikwaruzo ya vidole vya mpigaji, basi.

Hesabu yake ni hii. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kuuzunguka ubao huu, wimbi la nyuma linatembea kama sm 25 za ziada. Kwa umbali huo mawimbi mawili yanasaidiana zaidi karibu na 690 Hz (mitetemo 690 kwa sekunde), ambapo sm 25 ni nusu ya urefu wa wimbi. Ukishuka yanaanza kupunguzana. Ukifika 230 Hz hivi, faida yote ya wimbi la nyuma imekwisha, na kuanzia hapo unapoteza dB 6 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapopungua nusu. Kwenye 57 Hz, oktava mbili chini, dB 12 zimeshakwenda hata kabla koni yenyewe haijaanza kuishiwa.

Jaribio moja nashauri kila mtu alifanye kabla ya kununua mbao za kweli. Weka muziki wenye ngoma nzito, halafu simama ubavuni kabisa, sikio likiwa usawa mmoja na ukingo wa ubao. Ngoma inatoweka, inabaki pumzi ya koni tu. Sogeza kichwa mbele kidogo, inarudi. Kirudishe nyuma ya ubao, ipo pia. Sauti inatoka kwa umbo la namba 8, na kiuno cha hiyo 8 ndicho mtaji wa ubao wazi: kuta za kando, dari na sakafu zinapata sauti kidogo. Kwa jumla ubao unamwaga chumbani nishati pungufu kwa dB 4.8 kuliko spika inayotawanya sauti sawasawa pande zote, ilhali inayokujia moja kwa moja ni ileile. Ndiyo maana unaweza kukaa mbali mara 1.7 zaidi kabla chumba hakijaanza kuufunika muziki.

20 Januari. Kuiinua besi kwa umeme: imekataa

Jibu la haraka lilikuwa kutumia prosesa ya sauti (kifaa cha kuinua au kupunguza masafa fulani kabla ya amplifaya) na kuinua dB 12 kwenye 60 Hz. Kila dB 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili, kwa hiyo dB 12 ni mara 16: noti iliyotaka wati 2 sasa inataka 32. Amplifaya ilikuwa nazo. Koni ndiyo haikuwa na nafasi. Katika boksi lililofungwa, kushuka oktava moja kwa ukubwa uleule wa sauti kunaitaka koni itembee mara 4 zaidi. Kwenye ubao wazi ni mara 8. Koni hii ina milimita chache tu za kutembea kila upande. Noti ya kwanza ya besi ikaja na mgongano mkavu wa chuma kwa chuma: koili imefika mwisho wa njia.

Baada ya kuzima niliisukuma koni ndani polepole kwa vidole viwili, kimoja kila upande wa kitovu, huku nikisikiliza. Hakuna mkwaruzo, koili imenusurika. Jaribio hilo linafaa hata ukinunua spika iliyotumika.

Dawa ya besi kwenye ubao wazi ni eneo la koni. Wufa ya inchi 15 ina eneo karibu mara 4 la ile ya inchi 8, kwa hiyo inahitaji robo tu ya mwendo. Kila mbinu nyingine inakuja baada ya hapo.

3 Februari. Wufa ya kwanza imerudishwa

Wufa ya kwanza ilikuwa ya muziki wa ukumbini: sumaku nene, dB 97 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Kwa macho ilikuwa mfalme. Ubaoni ilitoa besi kavu, fupi, isiyo na kitako.

Namba ya kutazama inaitwa Qts, nayo huonyesha jinsi koni inavyodhibitiwa inapofikia masafa yake ya asili. Kwa ile wufa ilikuwa 0.35. Maana yake ni kwamba kwenye masafa hayo ya asili sauti yake imeshashuka dB 9. Wufa yenye Qts ya 0.75 inakuwa imeshuka dB 2.5 tu. Sumaku kubwa ni breki, na breki hiyo inasaidia ndani ya boksi, ambako hewa iliyofungiwa huipandisha Q tena. Ubaoni hakuna hewa ya kuipandisha, na besi tayari inavuja ukingoni. Nimebadilisha na jozi yenye Qts 0.75, masafa ya asili 33 Hz, dB 92. Sumaku yake ni ndogo na bei yake ilikuwa chini. Ni nadra katika shughuli hizi kuambiwa ununue cha bei nafuu, kwa hiyo nimeifurahia nafasi hiyo.

Anayetumia krosova ya koili na kapasita ana kaujanja kengine: ukinzani wa nusu omu kwenye koili ya wufa unaipandisha Qts kidogo. Waya mnene wa gharama hapo ni hasara mara mbili.

17 Februari. Ubao wa kweli, na sarafu inayotembea

Plaiwudi mbili za mm 18 zimeunganishwa kwa gundi, jumla mm 36. Wufa imeshushwa karibu na sakafu, kwa sababu sakafu hufanya kazi ya kioo na ubao unajiona mrefu zaidi.

Kwa uzito ule nilitegemea utulivu. Weka sarafu juu ya ukingo wa juu, piga muziki wenye besi: sarafu inatambaa kwa vituo vifupi mpaka inaanguka. Koni yenye gramu 90 hivi ikirushwa mbele, kila kitu kilichoishikilia kinasukumwa nyuma. Boksi lina kina, linajikalia. Ubao ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo unayumba mbele na nyuma, zaidi juu, ambako ndiko ilikofungwa ile ya inchi 8. Maana yake mwimbaji anasukwasukwa na mpiga besi. Kusikia kasoro yenyewe si rahisi mpaka uiondoe; ndipo herufi “s” na “t” zinapokaa mahali pake.

Kuongeza unene hakukusaidia. Kilichosaidia ni kukata ubao vipande viwili. Cha chini, urefu sm 60, kimebaki na wufa. Cha juu kimesimama kwa miguu yake mwenyewe inayopanda kutoka nyuma, na kati yake na cha chini kuna mwanya wa mm 5. Hakuna skrubu wala gundi inayoviunganisha. Nyuma ya wufa kuna nguzo fupi ya mbao inayoibana sumaku na kuishusha nguvu hadi kwenye kitako chenye mfuko wa mchanga. Sarafu sasa inakaa.

2 Machi. Mabawa

Ubao wa sm 50 ulikuwa bado mchoyo wa besi, na mpana zaidi hauingii sebuleni bila ugomvi. Njia ya kati ni kuupa mabawa: kuta mbili za kando zinazoelekea nyuma, ili wimbi la nyuma litembee mbali zaidi. Kwa mabawa ya sm 30 besi ilipanda kama dB 4, bila kugusa amplifaya.

Ikaja na mgeni. Sauti nzito za kiume zikaanza kuguna, na kipimo kikaonyesha kilele karibu na 200 Hz. Mabawa na ubao vimetengeneza pango, na pango huimba noti yake: robo ya urefu wa wimbi. Ukikokotoa kwa sm 30 unapata 286 Hz, lakini pango lenye mdomo mpana hujifanya refu kuliko futi inavyosoma. Sponji haikufanya chochote. Kwenye masafa hayo ingebidi iwe nene hadi kulijaza pango lote, na hapo umeshaanza kujenga boksi kwa mlango wa nyuma.

Nimeyapunguza mabawa hadi sm 20. Kilele kimepanda hadi karibu 250 Hz na kimekonda, na krosova imeshushwa hadi 180 Hz, ambapo wufa kwenye 250 Hz inakuwa imepunguzwa dB 13. Kilichobaki kimekatwa na prosesa. Faida ya besi imeshuka pia, na hiyo sina pa kuilalamikia.

16 Machi. Bonde la 1400 Hz

Tangu ubao wa majaribio kulikuwa na bonde kwenye kipimo karibu na 1400 Hz. Sikio lililisikia kama mwimbaji amerudi hatua nyuma. Chanzo ni sm 25 zilezile: kwenye 1370 Hz ni sawasawa na wimbi moja zima, kwa hiyo sauti ya nyuma inafika mbele ikiwa imepinduka na kuifuta ya mbele. Na kwa kuwa spika ilikuwa umbali mmoja kutoka kingo tatu, zote zilifuta noti ileile.

Ubao wa juu sasa ni mwembamba, upana sm 30, na spika imesogezwa pembeni ya kitovu. Bonde limekimbilia juu, karibu na 2300 Hz, nalo limejaa kiasi, kwa sababu kufikia hapo koni ya inchi 8 imeshaanza kurusha sauti yake mbele na kingo zinapata kidogo. Gharama yake iko chini: ubao mwembamba unaanza kupoteza mapema zaidi, kuanzia karibu 380 Hz. Prosesa inalipa dB 6 hivi kufikia krosova, na kwa masafa hayo koni inazimudu kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Kwa sauti ya sherehe, hapana.

Jambo dogo lililoleta tofauti kubwa: tundu lenye kina cha mm 36 nyuma ya spika ni bomba, linabana pumzi ya koni. Ubao wa juu nimeufanya wa mm 18 tu, na ukingo wa tundu kwa nyuma umechongwa nyuzi 45. Ule ukakasi wa bomba uliondoka siku hiyohiyo.

30 Machi. Krosova

Hatua hii ilikwenda bila matata. Njia nne za amplifaya, prosesa ya kidijitali, kichujio cha dB 24 kwa oktava cha aina ya Linkwitz-Riley. Jina hilo ni la Siegfried Linkwitz na Russ Riley waliokuwa kampuni ya Hewlett-Packard. Makala ya Linkwitz ilitoka mwaka 1976. Baadaye huyohuyo Linkwitz akawa mtetezi mkubwa wa spika zisizo na boksi mpaka alipofariki mwaka 2018, na atakayetaka kuzama zaidi ya shajara hii aanzie kwenye kazi zake.

Hakikisha tu chanya na hasi za wufa na spika ya juu zinafuatana. Ukizigeuza, kwenye 180 Hz utapata shimo ambalo hakuna prosesa itakayolijaza.

13 Aprili. Ukuta

Hapa ndipo wengi wanapoziuza mbao zao.

Nilianza na ubao sm 40 kutoka ukuta wa nyuma, mahali ambapo spika za boksi zilizokuwepo zilikaa vizuri. Besi ilinywea, na picha ya jukwaa, ile hisia ya kila mwanamuziki amesimama wapi, ikabandikwa ukutani. Spika ya boksi ukiisogeza ukutani inapata besi zaidi. Ubao wazi ni kinyume chake: sauti ya nyuma inagonga ukuta na kurudi ikiwa imepinduka, na kwenye masafa ya chini inaila ya mbele. Kwa sm 40 safari ya ziada ni sm 80, ambayo inafungua bonde jingine karibu na 430 Hz, katikati kabisa ya sauti ya binadamu.

Nikazivuta hadi mita 1.2. Mwangwi wa ukuta sasa unachelewa milisekunde 7, na kwa uchelewaji huo sikio linauchukua kama nafasi ya chumba badala ya kuuchanganya na chombo chenyewe. Bonde limehamia karibu na 140 Hz na ni la kina kidogo, kwa kuwa sauti inayorudi imeshachoka njiani. Besi ilirudi. Jukwaa likapata kina, ngoma zikakaa nyuma ya mwimbaji. Hakuna kichujio wala pedi ya ukutani iliyofanya nusu ya kazi iliyofanywa na hatua moja ya kuvuta ubao mbele.

Lakini mita 1.2 nyuma ya kila ubao, pamoja na nafasi ya msikilizaji, ni sehemu kubwa ya sebule. Mwenye chumba kidogo, au anayelazimika kupanga kila kitu ukutani, atapata sauti bora kutoka kwenye boksi zuri dogo. Hili nalisema wazi kwa sababu mbao za aina hii husifiwa na watu wenye vyumba vikubwa.

11 Mei. Chini ya 45 Hz

Kwa wufa moja kila upande, ubao unashuka vizuri hadi 45 Hz, kisha unakata tamaa. Uzi mnene wa gitaa la besi ni 41 Hz, lakini sehemu kubwa ya kinachosikika iko oktava moja juu, kwenye 82 Hz, kwa hiyo gitaa linasimama imara. Kinanda cha kanisa na muziki wa kompyuta ndivyo vinavyofichua upungufu. Chumba chenye urefu wa mita 5 kina mvumo wake wa kwanza kwenye 34 Hz. Chini ya hapo boksi lililofungwa hubana na kulegeza hewa ya chumba kizima, jambo ambalo ubao hauwezi, kwa kuwa kila unachosukuma mbele unakivuta nyuma.

Niliongeza boksi moja lililofungwa, chini ya 45 Hz pekee. Likatoa kina kilichokosekana, na likarudisha ngurumo ya kona iliyokuwa imesahaulika. Baada ya kulisogeza na kulipunguza, limebaki chini ya kiwango ambacho kipimo kinadai. Kwa gitaa, sauti za watu na ngoma nalizima kabisa: besi ya ubao ina mwanzo na mwisho, na sitaki kuichafua kwa ajili ya noti ambazo rekodi nyingi hazina.

25 Mei. Gharama, na kilichobaki

Ukigawa gharama yote mafungu kumi, wufa zimekula manne, spika za inchi 8 mawili, prosesa na njia mbili za ziada za amplifaya mengine matatu. Mbao, gundi, skrubu na mchanga vimegawana fungu moja lililobaki, tena bila kulimaliza. Boksi la besi halimo, lilikuwepo. Kwa hiyo akiba ya kutojenga boksi ilikuwa ndogo, na imeishia kwenye umeme wa kufidia besi.

Kwa kusikiliza kwa sauti ya wastani sizirudishi zile za boksi. Kwa sauti kubwa mno ubao unachoka mapema, na mwenye tabia hiyo aandae wufa mbili kila upande tangu mwanzo.

Mambo mawili yamebaki. Kwanza, nyuma kuna uhaba wa sauti za juu, kwa kuwa sumaku inaziba. Nitaweka twita (spika ya sauti za juu) ndogo ya omu 8 inayotazama ukuta, ikiwa na kapasita moja ya mikrofaradi 4 ili ianze karibu na 5000 Hz, waya zake zikiwa zimegeuzwa ili upande wa nyuma uendelee kuwa kinyume cha mbele. Pili ni mgongo wenyewe: sumaku, nyaya na koni viko wazi kwa vumbi na vidole vya watoto. Nyavu za chuma za spika nilizojaribu zilitetema kwenye besi, kwa hiyo ni kitambaa, kwenye fremu nyepesi isiyogusa ubao. Kinachofaa ni kile unachoweza kukiweka mdomoni ukapuliza na pumzi ikapita bila kukivimbisha. Kikigoma kwa pumzi, kitazila na sauti za juu.